Naolewa mwezi huu, nina miaka 31: chanjo ya HPV inanifaa?

BintiKirumba: Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza. Nimesikia kuna chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani ya mlango wa kizazi. Kwa umri wangu bado inafaa? Nijibuni mapema, usingizi sipati.

MzeeMwaloni: Hongera kwa ndoa. Hiyo ni ya wanafunzi. Binti yangu alichanjwa shuleni 2024, miaka 9 hadi 14, dozi moja, bure. Mama yake aligoma, eti itamharibu uzazi. Nikamuuliza, dada yako tuliyemzika Sengerema aliugua nini? Akanyamaza.

Sangara_Mkavu: Utafiti wa dozi moja ulifanyika hapahapa Mwanza, wasichana 930. Lakini dada, usingizi unakosa kwa chanjo tu? Umepima?

BintiKirumba: Nilipimwa, wakapaka siki kwenye mlango wa kizazi. Wakaona weupe, eti chembe zimebadilika.

NesiMstaafu: Mwanangu, hilo ndilo la kuanza nalo. Wakasemaje?

BintiKirumba: Nirudi wanichome kwa joto pale penye weupe, halafu nisikutane na mwanaume wiki nne. Harusi imebaki wiki mbili, kadi zimeshagawiwa! Kuna mahali wameniambia chanjo inatosha, nimeshalipia dozi ya kwanza. Matibabu baada ya harusi, kosa liko wapi?

Chuma_cha_Reli: Chai hii. Huyu anauza chanjo. Weka cheti cha majibu tuone.

MzeeMwaloni: Mtoto wa watu aanike cheti chake humu? Acha hizo.

BintiKirumba: Siweki. Ningetunga, ningejitungia aibu hii?

NesiMstaafu: Hata kama katunga, yupo anayesoma mwenye shida hiyohiyo. Chanjo haitibu. Virusi vilivyokwisha kuingia haiviondoi, na weupe utabaki palepale. Inakinga aina ambazo hujaambukizwa. Aina mbili tu za HPV, namba 16 na 18, ndizo chanzo cha takribani saratani 7 kati ya 10 za mlango wa kizazi. Kwa umri wako ni dozi mbili, miezi sita katikati. Weupe si lazima uwe saratani, na kuchomwa ni dakika chache, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Mwenye VVU ndiyo asichelewe kabisa. Katibiwe kwanza.

BintiKirumba: Na mwenzangu nimwambieje?

MzeeMwaloni: Mwambie ukweli. Mwanaume wa kukuoa hashindwi wiki nne.

Sangara_Mkavu: Nenda naye, aelezwe na daktari mwenyewe.

BintiKirumba: Nitaenda naye Jumatatu. Ila pesa ya dozi wamegoma kurudisha.