Mnatoza elfu ishirini kwa siku kulaza mbwa, halafu ratiba yake hamtaki hata kuisoma!

Wakuu salaam,

Nimekasirika na sitaficha. Uzi huu ni wa wenye vituo vya kulaza mbwa hapa Dar, na wa yeyote anayepanga kumwacha mbwa wake sehemu akasafiri. Jina la kituo siliweki, mods msipate shida. Nataka tuongelee walichofanya, maana nimeongea na wenzangu wanaofuga na kila mmoja ana kisa kinachofanana na hiki, vituo tofauti.

Desemba nilipanda Moshi na familia. Kijana wetu wa getini naye alikwenda kwao, kwa hiyo Jeki hakuwa na wa kubaki naye. Jeki ni mbwa wa ulinzi, na mnaofuga mbwa wa ulinzi mjini hapa mnayajua maisha yake: mchana yuko bandani, usiku yuko uani. Kwangu anafunguliwa saa 4 usiku geti likishapigwa kufuli, anazunguka ukuta mpaka adhana ya alfajiri. Adhana ikiisha anakuja mwenyewe kusimama kwenye mlango wa banda, kwa sababu anajua kinachofuata. Anatolewa nje kujisaidia, anapewa chakula kidogo, anaingia kulala mpaka alasiri. Ugali wake wa dona na dagaa anaupata saa 12 jioni. Amekua hivyo tangu mdogo. Jirani yangu, mzee wa swala tano ambaye hajawahi kumgusa mbwa na hatamgusa, siku tukichelewa kumfungulia anatuita ukutani: "Baba Neema, leo mbwa wenu vipi, mbona simsikii?"

Yote hayo niliyaandika kwenye karatasi, saa kwa saa, na maneno tunayotumia kumwita na kumtoa. Nilimpa dada wa mapokezi mkononi. Nikamwambia, "Dada, naomba anayemhudumia aisome hii kabla hamjamfungia." Akaitikia vizuri, akaichomeka kwenye mfuko wa pembeni wa begi la chakula.

Siku nakwenda kumchukua nikafungua begi hilo. Karatasi iko palepale, mikunjo yangu ileile, haijafunguliwa. Unga wa dona niliowapa haujaguswa, fundo la mfuko ni lile nililofunga mimi mwenyewe. Nilisimama pale nikaishiwa maneno.

Sasa sikieni alivyoishi. Pale kwao ikifika saa 12 jioni vijana wanafunga mabanda wanaondoka, anabaki mlinzi mmoja. Yaani saa ambayo kwa Jeki ndiyo siku inaanza, yeye anafungiwa kwenye chumba cha sementi, kushoto mbwa asiyemjua, kulia mbwa asiyemjua, na hakuna wa kumtoa mpaka asubuhi. Akabweka. Angefanya nini kingine? Mlinzi akawa anapiga nondo za mlango kwa rungu ili anyamaze. Haya sikuambiwa na adui yao, aliniambia mlinzi mwenyewe, tena akinilalamikia: "Bosi, mbwa wako mkorofi, usiku hatulali." Mkorofi! Mbwa aliyefundishwa kukesha anaitwa mkorofi kwa sababu amekesha.

Chakula nacho, siku saa 3 asubuhi, siku saa 8 mchana, kutegemea kijana wa zamu amefika saa ngapi na foleni ya Bagamoyo Road ilikuwaje. Kulala mchana hakulala, kwa sababu mchana ndipo wateja wanapoingia na mbwa wote wanatolewa uwanjani waonekane. Walinitumia video WhatsApp ya saa 7 mchana, jua la Desemba linalowaka, wakaandika "anafurahia mazingira". Nimeirudia ile video mara nyingi. Ulimi umetoka wote na ncha imepinda juu, masikio yamelala nyuma, anatembea akiufuata ukuta, anafika kona anageuka, anarudi njia ileile, anageuka tena. Mbwa hatoi joto kwa jasho mwili mzima kama sisi, anategemea kuhema. Anayefanya biashara ya kulaza mbwa akiangalia mbwa wa namna hiyo akaona furaha, huyo kazi haijui.

Nilimkuta amekonda, mbavu unazihesabu. Mguu wa mbele amejilamba mpaka manyoya yametoka na ngozi imekuwa nyekundu, inachuruzika. Anaharisha makamasi. Asubuhi ya kwanza nyumbani akatapika povu la njano. Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo nikiwa na hofu ya parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua mbwa. Akampima, akaangalia damu kama kuna ugonjwa wa kupe, akaangalia kinyesi, hakuna kitu. Akaniuliza swali moja: "Huko alikokuwa, alikuwa anakula saa ngapi?" Nikashindwa kumjibu, kwa sababu hata wao hawajui. Akanieleza kwamba tumbo la mbwa likikaa tupu muda mrefu nyongo inapanda na kulichokoza, ndiyo lile povu la njano. Kuharisha kunatokana na msongo na kubadilishiwa chakula ghafla. Kujilamba ni kujituliza, mbwa akikosa utulivu anatafuta kitu cha kurudiarudia.

Na hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Sikulalamikia usafi, banda lilikuwa safi. Sikulalamikia maji, yalikuwepo. Nalalamikia kitu kisichogharimu hata senti: kumlisha kwa saa yake, kumtoa kwa saa yake, kumwacha alale kwa saa yake.

Fikirieni mnamwachia mbwa nini mnapoondoka. Hajui kama umekwenda Moshi. Hajui kama utarudi. Harufu ya nyumbani haipo, sauti za nyumbani hazipo, watoto hawapo. Kitu pekee kinachoweza kuhama naye ni mpangilio wa siku, kwamba baada ya hiki kinakuja kile. Mbwa hasomi saa ya ukutani ila anasoma dalili: nyayo za anayemlisha, sufuria ikigongwa, kamba ikitolewa kwenye msumari. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, alikuta mbwa wake wanatoa mate kabla chakula hakijafika, hata kwa kusikia tu nyayo za mtu wa kuwaletea. Mwili mzima unajiandaa kwa sababu umejifunza kwamba dalili hii inaleta kile. Dalili zikiwa za kweli, mbwa akishakula na kutoka anajua hakuna kingine mpaka jioni, analala. Zikiwa za uongo, kila mlango ukilia anaruka juu. Labda ni chakula. Labda ni kutoka. Labda ni yule wa rungu. Mbwa wa namna hiyo hapati usingizi kabisa, na mbwa mzima anahitaji kulala karibu nusu ya siku.

Wataalamu wamepima kotisoli, homoni ya msongo, kwa mbwa walioingizwa kwenye mabanda mageni, wakakuta inapanda hasa siku za mwanzo. Kwa hiyo siku za mwanzo ndizo za kushikilia ratiba kwa meno. Nyie ndizo mnazovuruga kuliko zote, kwa sababu ndizo siku mnazopokea wageni wengi.

Mwenye kituo nilimpigia. Akaniambia, "Kaka, hakuzoea tu, safari ijayo atazoea." Azoee nini? Tuelezane. Mtu au mnyama anazoea kitu kinachojirudia. Leo saa 3, kesho saa 8, keshokutwa haijulikani, hapo pa kuzoea pako wapi? Akasema pia wana mbwa wengi, hawawezi kufuata ratiba ya kila mmoja. Basi usichukue mbwa wengi! Au sema mapema kwamba ratiba ya hapa ni moja kwa wote, saa hizi na hizi, na unaifuata bila kuyumba. Hiyo ningeielewa, ningemwanzishia Jeki nyumbani wiki mbili kabla, namsogezea saa ya kula kidogokidogo mpaka ifanane na yenu. Ratiba ngeni inayofuatwa mbwa anaweza kuishika. Kisichoshikika ni kukosa ratiba.

Halafu mimi mbwa wangu ni mzima. Kuna mwenzangu mbwa wake ana kifafa, anakunywa dawa kila baada ya saa 12, dozi ikichelewa degedege linaweza kurudi. Huyo akiachwa sehemu ambayo karatasi ya maelekezo inabaki kwenye begi, itakuwaje? Na mtoto wa mbwa anayehitaji kula mara tatu au nne kwa siku, naye atasubiri foleni ya Bagamoyo Road?

Najua wapo watakaokuja kusema mbwa ni mbwa tu, watu wenyewe hawali. Ndugu yangu, mimi sikuomba hisani, nililipa hela, tena yote kabla ya kuondoka. Na nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo haikuishia kwenye njaa, kiu na maumivu, hofu na dhiki ya mnyama nazo zimo. Anayefungua kituo cha kupokea wanyama wa watu kwa malipo aisome.

Na nyie mnaopanga kusafiri, kabla hamjatoa hata shilingi, waulizeni nani analala pale usiku na anaruhusiwa kufungua mabanda. Ukijibiwa "yupo mlinzi" endelea kuuliza, maana mlinzi wa geti si mhudumu wa mbwa. Uliza mbwa wako atalishwa na mtu mmoja au kila siku mtu mpya, kwa sababu mbwa anaanza kutulia akishamjua mtu wake. Nenda bila taarifa saa wanayodai ni ya chakula uone kama sufuria ziko jikoni au bado. Mimi ningekuwa na kituo, kila banda lingekuwa na ubao mdogo mlangoni, anayelisha anaandika saa na anaweka jina lake, mwenye mbwa akija anausoma. Chaki ni bei gani?

Chakula beba cha nyumbani, cha siku zote. Beba na kanga au shuka analolalia, usilifue, harufu ndiyo unayoipeleka. Na mbwa wa ulinzi mseme waziwazi kwamba huyu anakesha, anahitaji nafasi ya kuzunguka usiku na kivuli cha kulala mchana. Akiambiwa hivyo mwenye kituo akasita, heri akatae kuliko akubali halafu ampigie nondo.

Jeki nyumbani alilala siku nzima ya kwanza, ikafika saa 12 jioni akaamka akala. Saa 4 usiku nilipomfungulia alitoka, akaenda mpaka kwenye geti, akarudi kukaa kwenye miguu yangu. Hakuzunguka. Ilimchukua muda kurudia kuzunguka ukuta wote, na mpaka leo rungu la kijana wetu likigusa chuma anashtuka. Mbwa huyu alikuwa haogopi kitu.

Nimemwandikia mwenye kituo kudai nusu ya malipo na gharama za daktari, nimeambatanisha risiti na picha ya mguu. Ujumbe ameusoma, kimya. Nitaufuatilia kwa maandishi mpaka kieleweke, na kama kuna mwanasheria humu anayejua pa kuanzia kwa madai madogo kama haya, naomba mwongozo.

NYONGEZA: Nimeona mchangiaji anasema kwa nini nisimwache na jirani. Jirani niliyemtaja ni mzee na imani yake haimruhusu kushughulika na mbwa, siwezi kumbebesha hilo. Mwingine ameuliza kama vituo vyote ni vibovu. Sijasema hivyo, na kama una kituo na unafuata saa za mbwa wa watu, jitangaze hapahapa, hakuna atakayekukataza.

Pasaka nina safari tena, ya msiba wa familia, haikwepeki. Anayejua kituo au mtu binafsi anayelaza mbwa nyumbani kwake, iwe Goba, Madale, Kigamboni, popote, mwenye mtu wa usiku na anayekubali tuanze na usiku mmoja wa majaribio kabla ya safari, aweke hapa au anifuate PM. Elfu ishirini nitalipa, hata thelathini. Ila tutakaa chini kwanza, asome karatasi mbele yangu.