Vidonge vya mzio vinavyomezwa ili mtu alewe: je, moyo unadhurika?

Dada Mkubwa: Habari za jioni wanajukwaa. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 19, anakaa hosteli ya chuo. Juzi nilipokuwa nikimfulia suruali nilikuta mfukoni maganda matatu ya vidonge vya mzio, yote yametobolewa, ilhali hana mzio wala mafua. Nilipombana alikiri kwamba yeye na wenzake huvimeza kwa wingi ili walewe na kuona maruweruwe, akasisitiza kwamba dawa inayouzwa bila cheti cha daktari haiwezi kumdhuru mtu. Tangu juzi moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Je, nihofie?

Mfamasia: Dada, moyo unaguswa moja kwa moja. Dawa za mzio za kizazi cha zamani, kama vile klofeniramini, promethazini na difenihidramini, huzuia pia ile neva inayoupunguzia moyo kasi, na ndiyo maana mapigo huenda mbio. Hilo ndilo dogo. Kila pigo huanza kwa umeme unaotokana na sodiamu kuingia katika seli za moyo, na seli hizo hutulia potasiamu inapotoka. Difenihidramini ikizidi huziba njia zote mbili, hata umeme ukachelewa kusambaa na moyo ukachelewa kujiweka tayari kwa pigo linalofuata. Hapo vyumba vya chini vinaweza kuanza kutetemeka ovyo bila kusukuma damu, na mtu akaanguka papo hapo. Mwezi Septemba 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo rasmi kuhusu difenihidramini baada ya kupata taarifa za vijana waliolazwa au kufariki kwa kufuata mchezo wa TikTok wa kumeza Benadryl nyingi, yaani difenihidramini kwa jina la kibiashara.

Mzee wa Vumbi: Tusitishane. Mimi humeza kidonge kimoja kila msimu wa vumbi, miaka nenda miaka rudi, na sijaona tatizo.

Mfamasia: Mzee wangu, kidonge kimoja kwa kipimo kilichoandikwa sina ugomvi nacho. Hapa tunazungumzia konzi nzima.

Muuguzi wa Usiku: Niliwahi kumpokea kijana wa namna hiyo. Alikuwa akichomoa kwenye shuka nyuzi ambazo hazikuwepo, mboni zimetanuka, ngozi ya moto na kavu kabisa, kibofu kimejaa lakini mkojo hautoki. Wenzake walisema amepandwa na mashetani, nasi tukapoteza muda mwingi tukimpima malaria na homa ya uti wa mgongo, mpaka mmoja wao alipotoa ganda la dawa mfukoni. Kipimo cha umeme wa moyo, yaani ECG, kilipoonyesha kwamba umeme unapita polepole, daktari aliagiza sodiamu baikabonati kwa mshipa. Kwa hiyo, dada, ganda usilitupe. Soma na maandishi yake yote, kwa kuwa vidonge vingi vya mafua vimechanganywa na parasetamoli, ambayo ikizidi huharibu ini, na siku ya kwanza mgonjwa anaweza kujiona mzima.

Dada Mkubwa: Nimeyatazama. Mawili ni klofeniramini tupu. La tatu ni la mafua, na parasetamoli imo. Anasema alimeza mara ya mwisho jana usiku.

Muuguzi wa Usiku: Basi msisubiri kukuche. Mpeleke hospitali sasa hivi apimwe ECG na damu kwa ajili ya ini, kwa kuwa dawa ya kulilinda ini hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi. Usimtapishe, asiende peke yake, na kumgombeza kuwekeni kando, maana akiogopa ataficha idadi.

Dada Mkubwa: Tuko mapokezi. Mwanzo alisema vidonge sita. Mbele ya daktari amesema ishirini.