Fundi kanifutia mashine nzima Mtwara mjini, eti "si ulisema unataka Ubuntu?"

Wakuu leo sina salamu ndefu, nina hasira. Kama we ni fundi wa kompyuta hapa Mtwara na ukisoma ukajiona ni wewe, basi ni wewe, ila jina sijaliandika.

Mi ni karani wa chama cha msingi huku kijijini, sisemi kipi. Msimu wa korosho kazi yangu ni kuingiza uzito, mkulima fulani, gunia ngapi, kilo ngapi, daraja, namba ya stakabadhi, vyote viko kwenye laptopu moja ya Windows 10, mashine ya zamani ina ile diski ya kuzunguka ya GB 500 lakini haijawahi kunitupa. Sasa Windows 10 Microsoft wenyewe waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, yani katikati ya pilikapilika za korosho, na Windows 11 kwenye mashine hii haiingii, prosesa ya kizamani inakataliwa. Mpwa wangu yuko chuo Dar akanambia mjomba weka Ubuntu, yani mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, mambo ya intaneti na imeili fanyia huko, Windows ibaki kwa ajili ya ile programu ya mizani na printa ya risiti ambavyo havitaki kitu kingine. Nikaona kaongea. Akasema nisubiri amalize mitihani wiki tatu aje afanye mwenyewe. Sikusubiri. Hapo nimekosea na nimekubali, msije kunikumbusha kwenye komenti.

Nikadandia hiace asubuhi hadi mjini. Kibanda kina bango TUNAPIGA WINDO, TUNAFLASHI SIMU, TUNAWEKA MUVI. Nikamweleza jamaa kwa utaratibu kabisa: Windows ibaki kama ilivyo, Ubuntu ikae pembeni, nikiwasha mashine iniletee menyu nichague naingia wapi. "Simpo hiyo bro, elfu ishirini na tano." Akachomeka flashi.

HAKUULIZA KITU. Hajaniuliza una bekapu, hajaniuliza humu ndani kuna nini, hata mashine yenyewe hakuiwasha kwanza aone Windows ikoje. Hata kinyozi anakuuliza unanyoa vipi!

Nimesimama nyuma yake naangalia. Simu yake kaiegemeza kwenye chupa ya maji, kuna mechi inaendelea, mkono mmoja mausi mkono mwingine bakuli la korosho (za kwetu tena, nilimletea mimi). Ikafika sehemu ya kuchagua Ubuntu ikae wapi. Mi sikujua nilichokuwa nakiona, nimekuja kuelewa baadaye mpwa wangu aliponieleza. Pale ilitakiwa kuwe na chaguo la kuiweka sambamba na Windows. Halikuwepo. Kulikuwa na "Erase disk" na lile la kupanga mwenyewe, basi. Fundi mwenye akili akiona chaguo la sambamba halipo anasimama, anajiuliza kwa nini, maana mara nyingi ni kwamba Windows haikuzimwa vizuri au flashi imebuti (imewaka) kwa njia tofauti na ile Windows iliyowekewa. Huyu akabonyeza Erase, akabonyeza kuendelea, ikamuuliza una uhakika, akabonyeza tena, macho yako kwenye kona inayopigwa.

Baada ya kama nusu saa mashine inawaka, rangi ya zambarau nzuri kabisa, hamna menyu. Nikamuuliza Windows iko wapi. Anaangalia skrini, ananiangalia mimi, "si ulisema unataka Ubuntu?"

Wakuu nilikaa chini kwenye kreti ya soda.

Af sikilizeni hii, akanambia usijali nakupigia windo mpya sasa hivi juu kwa juu, bure. Namshukuru Mungu nilinyanyua mashine nikaondoka nayo, nilifanya hivyo kwa hasira tu sio kwa utaalamu, kumbe ndo iliniokoa. Diski ikifutwa hivi data nyingi bado zipo, kinachopotea kwanza ni ile ramani ya kuonesha kipi kiko wapi, ila kila unachoandika juu yake kinakanyaga cha zamani. Angeweka Windows juu yake angemalizia kuzika. Na ingekuwa SSD, zile diski za kisasa zisizozunguka, ndo kabisa, zile mfumo ukishaiambia sehemu fulani imefutwa yenyewe inasafisha, kinachobaki ni kidogo au hamna.

Siku kumi mashine imekaa kabatini imezimwa. Wazee wanakuja ofisini, mzee mmoja kanibana, mwanangu zile gunia zangu kumi na moja uliandika kilo ngapi, nabaki natafuta karatasi. Makaratasi yapo, ndiyo, lakini nusu yametafunwa na mchwa na nusu mwandiko wangu mwenyewe siusomi.

Mpwa wangu akaja na diski ya nje, akawasha mashine kwa flashi bila kugusa diski ya ndani, akaendesha programu ya kufufua mafaili inaitwa PhotoRec usiku kucha, vinavyopatikana vinaenda kwenye ile diski ya nje. Mafaili yamerudi mengi, yote siwezi kusema. Lakini majina hayana! PhotoRec haijali jina, inakupa f namba ndeeefu .xlsx, maelfu, humo kuna korosho, kuna picha za harusi ya dada, kuna vipicha vya tovuti sijui vya nini. Nimekaa wiki nzima nafungua moja moja.

Af akaniwekea mifumo miwili inavyotakiwa na mi nikiangalia, ndo hasira ikapanda upya, maana hakuna uchawi wowote. Aliweka Windows kwanza, akazima ile kitu ya kuwaka haraka, kwa sababu ikiwa imewashwa unadhani umezima mashine kumbe Windows imelala na partisheni yake (kipande chake cha diski) imeishikilia, Ubuntu ikienda kuandika humo mnaharibu wote wawili. Akapunguza partisheni kutokea ndani ya Windows kwenyewe, akaacha GB 100 tupu, Ubuntu ikaingia kwenye hizo tu. Kale kapartisheni kadogo ka kubutia hakukafomati. Chaja imechomekwa muda wote na betri imejaa, umeme wetu mnaujua. Na kwa wenye laptopu mpya akasema angalieni kama BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga diski, imewashwa, nyingi zinakuja nayo imewashwa hata hujui, ukigusa mambo ya kubuti Windows inakudai namba 48 za kuifungulia na kama hunazo umelia. Mara nyingi zinakuwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, zitoe uandike KABLA. Hayo yote ni maswali ya dakika tano ambayo elfu ishirini na tano yangu ilitakiwa iyanunue. Jamaa ni kangomba (mlanguzi wa korosho) tu wa kompyuta, anachukua chako kabla hajakipima.

(Kwa waliouliza kwenye komenti kama mifumo miwili ina kasoro: ipo, saa. Ukitoka Ubuntu ukaingia Windows saa inarudi nyuma masaa matatu, moja anasoma saa ya mashine kama ya kwetu mwingine kama ya dunia. Nimetoa risiti ya saa nne asubuhi imeandikwa saa moja, mkulima kagoma kuichukua, anasema saa moja hata ghala lilikuwa halijafunguliwa. Kuna amri moja ya mstari mmoja unaipa Ubuntu inaisha, timedatectl set-local-rtc 1.)

UPDETI: mliosema nikadai hela yangu, nilienda mara mbili, mara ya kwanza kasema bosi hayupo, bosi ni yeye. Leo asubuhi kanitumia meseji mwenyewe: "bro kuna mteja katoka Masasi anataka windo na ubuntu kwa pamoja, ivi yule dogo wako alifanyaje?"

Nimemjibu atume kwanza elfu ishirini na tano. Tiki za bluu toka saa tatu.