Maji ya banda la ng'ombe kwenye springla: vijidudu si hufa na jua?

Bi_Konde
Assalam alaykum jamani. Nipo Konde, Pemba, nafuga ng'ombe wa maziwa. Maji ya kuoshea banda yanateremka kwenye shimo la saruji, mwanangu anayavuta kwa pampu na kuyarusha kwa springla kwenye mchicha na tungule. Mboga imenawiri, mashallah. Sasa jirani wa upande wa kaskazini kaja juu: kusi ikivuma, rasharasha yafika kwenye nguo zake za sala, eti najisi na maradhi pamoja. La najisi nakubali. La maradhi je?

Mzee_Jembe
Wazee wetu wametia samadi toka enzi, hatukuona msiba. Huyo jirani ana lake jambo.

Mpimamaji
Mzee wangu, samadi iliyolundikwa ikaoza hupata moto ndani, na moto ule ndio unaoua. Maji ya shimoni hayapati moto, vijidudu vya kuharisha kama E. koli na salmonela huweza kukaa humo wiki nyingi.

Dada, jua laua, ila laua linachokiona. Chini ya jani na kwenye udongo mbichi vijidudu vimejikalia salama. Shirika la Afya Duniani, mwongozo wa 2006, linakadiria kwamba ukiacha kumwagia kabla ya kuvuna, bakteria kwenye mboga hupungua kwa theluthi mbili hivi kila siku, na jua likiwa kali na hewa kavu hufika asilimia 99. Kwa hiyo siku chache za kuacha zina maana kubwa. Isipokuwa kriptosporidiamu, kijidudu kingine cha kuharisha, yule ana ganda gumu, na ndama wadogo ndio wanaomtoa kwa wingi. Ndama akiharisha, maji ya banda lake usiyarushe kabisa.

Mwanao hurusha saa ngapi?

Bi_Konde
Jioni, akisharudi skuli.

Mpimamaji
Ndio wakati mbaya. Najua jioni maji hayapotei kwa jua, lakini unyevunyevu wa usiku huvihifadhi vijidudu mpaka asubuhi. Bora saa moja au mbili asubuhi siku asizosoma, kusi haijachangamka na jua linakuja nyuma yake. Punguza na nguvu ya pampu: tone kubwa huanguka papo hapo, ukungu ndio unaosafiri mpaka kwa jirani.

Mchicha unapikwa, sufuria itamaliza kazi, ila ubao wa kukatia uoshwe kabla ya kukatia kachumbari. Tungule zipe maji ya kisima kwa mpira, chini kwenye shina. Maji ya banda peleka kwenye migomba, bila springla. Ndizi iko juu na ina maganda.

Mzee_Jembe
Haya. Na huyo kijana anayeshika pampu?

Mpimamaji
Hapo umenena, mzee. Yeye huvuta hewa ile kabla ya jirani. Asimame unakotoka upepo, afunge kitambaa puani, na aoge kwa sabuni kabla hajagusa chakula.