Je, majabali yaliyopandana ya Tabora yaliletwa na barafu?

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha jiografia hapa Tabora, na juma lililopita niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha tatu picha za hifadhi ndogo iliyopo Kelleys Island, kisiwa cha Ziwa Erie katika jimbo la Ohio, Marekani, ambako barafu ya kale ilichimba mifereji mirefu juu ya mwamba. Mwanafunzi mmoja akauliza iwapo majabali yaliyopo nje ya mji wetu, ambayo mengine yamekaa juu ya wenzake kana kwamba yalipangwa kwa mkono, nayo yaliachwa na barafu. Nilikiri kwamba sina jibu la uhakika. Naomba mwenye ujuzi anieleze ni kwa dalili zipi mtu hulitambua jabali lililobebwa na barafu.

Msafiri wa Ohio

Mwalimu, nimeishi Ohio kwa miaka kadhaa na hifadhi hiyo nimeifikia kwa kivuko kinachotoka Marblehead. Usiidhanie kuwa ni pori kubwa, kwani mifereji yenyewe ina urefu wa takriban mita 120, upana wa mita 10 na kina kinachofikia mita 3, imezungushiwa uzio, nawe unaitazama ukiwa kwenye njia ya pembeni. Ila ukiinama ukaitazama vizuri, utaona mwamba wa chokaa umelainika kama ndani ya kinu cha zamani, na juu ya ulaini huo kuna mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja. Barafu peke yake haina ubavu wa kukwangua mwamba. Kilichokata ni mawe na mchanga vilivyogandia chini yake, vikaburutwa kama msasa juu ya ubao, takriban miaka 18,000 iliyopita. Mwamba wenyewe ni wa kale zaidi, maana umejaa visukuku vya viumbe vya bahari, na baadhi yake vimekatwa katikati. Kinachouma ni kwamba palikuwa na mifereji mingine mikubwa zaidi kisiwani hapo, lakini machimbo ya mawe yaliimaliza kabla haijalindwa.

Mzee wa Ujiji (Kigoma)

Nashukuru kwa maelezo hayo, ndugu yangu. Sasa nimjibu Mwalimu: hapana, majabali ya Tabora hayakuletwa na chochote, bali yamezaliwa papo hapo. Hiyo ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, iliyokuwa na nyufa za kusimama na za kulala. Ilipokuwa bado chini ya udongo, maji ya mvua yalipenya katika nyufa hizo na kuozesha mwamba kuanzia kwenye pembe, kwa hiyo vipande vya katikati vikabaki na umbo la mviringo; udongo ulipochukuliwa na mvua, vikabaki vimepandana kama mnavyoviona. Wapasua kokoto wanalijua jambo hili kwa mikono yao, kwa maana wakiwasha moto juu ya jabali, hubanduka kwa matabaka kama maganda ya kitunguu.

Dalili kubwa ya barafu ni ugeni. Huko Ohio hupatikana mawe ya graniti yaliyotoka Kanada, yakiwa yamelala juu ya mwamba wa chokaa. Jabali la Tabora, kinyume chake, ni la aina ileile ya mwamba ulio chini yake, wala halina mikwaruzo.

Hata maziwa yetu yasiwachanganye wanafunzi. Ziwa Erie lilichimbwa na barafu na kina chake kikubwa ni mita 64 tu, ilhali Tanganyika, lenye mita 1,470, ni mpasuko wa bonde la ufa. Hata hivyo barafu haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kalemie, ambako mto Lukuga unatoka ziwani, kuna matabaka ya tope lililogeuka mwamba likiwa limeshika mawe ya kila ukubwa, yaliyoachwa na barafu takriban miaka milioni 300 iliyopita, wakati Afrika ilipokuwa karibu na ncha ya kusini ya dunia. Juu yake kuna makaa ya mawe, kwa sababu baadaye hali ya hewa ilipata joto na misitu ikaota.

Mwalimu wa Cheyo (Tabora)

Shikamoo Mzee, na asante sana nyote wawili. Ninakusudia kuwapeleka wanafunzi kwenye majabali Jumamosi ijayo. Je, kuna jambo wanaloweza kulipima wao wenyewe?

Mzee wa Ujiji (Kigoma)

Marahaba, Mwalimu. Wachukue kipande kidogo kutoka jabali la juu na kingine kutoka mwamba wa chini, wavioshe, kisha walinganishe ukubwa na rangi ya chembe zake. Baadaye wapime kwa dira mwelekeo wa nyufa za majabali kadhaa, nao wataona kwamba nyingi zinafuatana. Nendeni asubuhi, kwa kuwa mchana jiwe lile huunguza viganja, na muwaombe ruhusa wapasua kokoto kabla ya kugusa lundo lao.