Naomba ushauri: nipo mafunzo ya umisionari, adhabu zimezidi

Mavuno_Tele:
Wakuu, habari. Nipo mafunzo ya umisionari. Simu walizikusanya siku ya kwanza. Ukichelewa ibada ya saa kumi alfajiri unapigishwa magoti kwenye kokoto, ndoo ya maji kichwani. Ukiuliza, una roho ya uasi, chakula cha jioni hupati. Kanisa la nyumbani ndilo lililonichangia ada. Nivumilie au niondoke?

Baba Neema:
Vumilia kijana. Paulo anasema "nautesa mwili wangu na kuutumikisha", 1 Wakorintho 9:27. Sisi JKT tulilala matopeni na tukatoka watu.

Kisima:
Paulo aliutesa wa kwake mzee wangu, sio wa mwanafunzi. Na Katiba ya 1977, ibara ya 13(6)(e), inakataza kumtesa mtu na kumpa adhabu za kumdhalilisha. Chuo cha dini hakijaachwa nje.

Mama Ushindi:
Mwanangu alirudi kutoka kambi ya namna hiyo, mpaka leo kusali hataki. Nalia naye.

Chumvi Kidogo:
Chai hii. Simu zimekusanywa, wewe unaandikia nini?

Mavuno_Tele:
Sio chai mkuu. Nipo hospitali, nimetumwa kumwangalia mwenzangu aliyeanguka kwenye mfungo. Simu nimeazimwa na dada anayeuguza kitanda cha pili.

Nesi Tausi:
Huyo mwenzako ana ugonjwa gani?

Mavuno_Tele:
Amechoka tu na mfungo.

Nesi Tausi:
Nimekuuliza ugonjwa.

Mavuno_Tele:
Kisukari, anachoma insulini. Kiongozi aliichukua, akasema ni kukosa imani. Tumeagizwa tuseme ni malaria. Ila msiwahukumu jamani, wametulea, na karibu tunawekewa mikono. Vyeti vyangu vya shule viko kwao. Jumatatu narudi, nilitaka mnitie moyo tu.

Nesi Tausi:
Achana na Jumatatu! Anayetegemea insulini akiikosa damu inajaa asidi: anatapika, anahema kwa nguvu, anapoteza fahamu, anakufa. Kamwambie daktari wa zamu SASA HIVI.

Baba Neema:
Kwenye dawa siwatetei. Nyanyuka kijana.

Mavuno_Tele:
Nimemwambia. Wamempima, sukari iko juu mno mpaka mashine haisomi namba. Wanamtundikia dripu. Kiongozi yupo getini, anasema nitoke tuongee.

Kisima:
Usitoke. Kaa hapo wodini, uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, wasimulie kama ulivyotusimulia sisi. Vyeti utavifuata na polisi, mchungaji wako wa nyumbani akiwepo.