Naibu akikimbia na hela za gildi, kiongozi anawajibika au hawajibiki?

Wakuu, tujadili hili bila kutajana majina.

Kuna gildi, yaani kikundi cha wachezaji, ya gemu la simu la Free Fire, ya vijana wa hapa Mbeya, wengi wao wa Mwanjelwa, Soweto na Uyole. Kiongozi alimteua naibu, kisha akatangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba anayetaka daimondi, zile sarafu za ndani ya gemu, amtumie naibu hela, atanunua za wote kwa pamoja. Watu wakatuma, huyu elfu tano, yule elfu kumi. Wengine wakampa mpaka nywila ili aingie awawekee mwenyewe. Naibu kazima simu na kajitoa kundini. Kiongozi kaandika mstari mmoja: "Kila mtu alituma kwa hiari yake, mimi sijapokea hata shilingi." Halafu akafunga kundi, wanaandika maadmini tu.

Naona wengi mnamtetea. Mnasema anaongoza bure, bado kijana, na mwizi ni naibu. Sawa, halipwi. Lakini hata mwenyekiti wa kikoba mara nyingi halipwi, na sanduku la kikoba lina kufuli tatu, funguo zake wanashika watu watatu tofauti. Mwenyekiti akiamua zote zishikwe na mtu mmoja, hela zikayeyuka, nani atakubali kuambiwa alichangia kwa hiari yake?

Msimamo wangu ni huu: hela zile zilifuata neno la kiongozi. Kijana wa Uyole hajawahi kumwona naibu yule hata kwa sura, asingemtumia hata mia bila lile tangazo. Kwa hiyo deni ni la kiongozi pia. Ila wanachama wawili wakiuziana akaunti kimyakimya bila yeye kujua, hapo simdai kitu.

Kwenye magemu makubwa haya yalishatokea. Mwaka 2009, ndani ya EVE Online, muungano wa wachezaji ulioitwa Band of Brothers ulivunjwa na mmoja wa wakurugenzi wake aliyehamia kwa mahasimu wao, Goonswarm. Hakudukua chochote, alitumia mamlaka aliyokuwa amepewa. Gemu la World of Warcraft lina hazina ya gildi ambayo kiongozi anapanga kila cheo kitoe kiasi gani kwa siku, na kumbukumbu ya nani katoa nini inaonekana. Hela za kutumiana kwa simu hazina kinga hiyo. Kinga pekee ni kiongozi mwenyewe.

Na hela si ndiyo inayoniuma zaidi. Mmoja wa walioumia ni mdogo wetu wa kidato cha tatu, anacheza kwa simu ya dada yake, na akaunti yake ya gemu imeunganishwa na Facebook ya dada huyo. Nywila aliyompa naibu ndiyo inayofungua Facebook ya dada. Baadaye marafiki wa dada wakaanza kumpigia, wakimuuliza kwa nini anawakopa hela huko Facebook. Kama kiongozi angewaambia watu mara tu naibu alipojitoa, nywila ingebadilishwa usiku uleule. Yeye akachagua kufunga kundi. Hilo mimi siwezi kumsamehe kwa kigezo cha ujana.

Polisi? Waende, tena waende haraka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa, na kesi hiyo ni ya naibu. Sitaki kiongozi afungwe. Nataka afungue kundi, aandike nani alituma kiasi gani, awape wanaokwenda kuripoti namba iliyopokea hela, awahimize wote wabadilishe nywila leo hii, na aanze kurudisha hela kidogokidogo, yeye pamoja na maadmini wenzake waliokaa kimya.

Sasa mnaosema asilipe, nijibuni: tangazo lile lingeandikwa na mwanachama wa kawaida, nyinyi mngetuma hela?